Vidole vinakufa ganzi Wete mpaka Chake: niupandishe usukani?

SWALI

Assalaamu alaykum mshauri,

Mimi ni bwana shamba, makaazi yangu Wete, Pemba. Kutwa nipo juu ya pikipiki: asubuhi nateremka Chake kwa njia ya zamani, ile ya milima na kona, kisha naingia njia za shamba mpaka alasiri, halafu narudi. Siku ya kawaida haipungui kilomita 70. Pikipiki ni Boxer ya cc 150, breki za ngoma mbele na nyuma, na tangu kuinunua sijabadilisha chochote. Urefu wangu ni sentimita 184.

Tatizo ni mikono. Nusu saa haifiki, kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi, mkono wa kulia zaidi, na kwenye miteremko ndiyo balaa. Mabega nayo yanakaza kama nimebeba zege.

Fundi wangu anasema dawa ni kuukata usukani pale unapopinda, kuunga bomba la maji la nusu inchi lipande sentimita 12, na mikono ya breki na klachi ikae kwenye bomba jipya. Anasema ni kazi ya nusu siku. Shemeji yangu anashauri ninunue usukani wa pikipiki ya porini, ule mpana wenye upau katikati. Tena nimesikia kuna vipande vya chuma vinavyowekwa chini ya usukani ukanyanyuka.

Nifuate lipi? Nyaya zitafika? Na usukani ukishapanda, pikipiki haitokuwa nyepesi mbele nikipanda mlima? Mara nyingi nyuma nimefunga gunia la mbolea.

Bwana Shamba, Wete

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Bwana Shamba.

La bomba la maji usilikubali, na sababu yake ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe. Usukani wa karibu pikipiki zote ndogo una unene wa milimita 22 na ushei. Bomba la nusu inchi, pamoja na jina lake, kwa nje lina milimita 21.3. Pungufu ya milimita moja haionekani kwa macho, lakini vibano vya breki na klachi vimetobolewa kwa 22, kwa hiyo juu ya bomba hilo vitazunguka. Atakachofanya fundi tunakijua sote: atakata ukanda wa kopo la soda, auzungushie, akaze. Wiki ya mwanzo utashika. Bati lile ni laini, mtikisiko unalisaga, na siku utakayobana breki kwa nguvu mkono wa breki wote utazunguka chini ya vidole vyako.

Hilo ni dogo. Kubwa ni pale patakapochomelewa. Chuma kilichopigwa moto hudhoofika pembeni mwa kiungo zaidi kuliko kwenye kiungo chenyewe, pale kilipopashwa kikapoa ovyo. Ufa huanzia hapo, chini ya rangi, huuoni. Sentimita 12 za nyongeza nazo ni wenzo: mkono ule ule, nguvu ile ile, lakini kiungo kinapindwa kwa nguvu zaidi kila unapoegemea. Usukani wa namna hii hauvunjiki pikipiki ikiwa imeegeshwa. Huvunjika unapoingia shimo, au unapobana breki kwenye mteremko, yaani wakati kifua chako chote kimeulalia. Fundi anaweza kuwa hodari wa kuchomelea mageti na bado kazi hii isiwe yake.

Sasa tuje kwenye vidole. Kidole kidogo na cha pete vinapata hisia kwa mshipa wa fahamu mmoja, ule unaopita kwenye kiwiko ukaingia kiganjani kwa upande wa kidole kidogo, kwenye ile nyama nene iliyo juu kidogo ya kifundo. Ganzi ikiwa ya vidole hivyo viwili tu, mara nyingi nyama hiyo imebebeshwa uzito. Ingekuwa dole gumba, cha shahada na cha kati, ningetazama kwanza kifundo cha mkono kilivyokunjika. Wa kulia unazidi kwa sababu haupumziki: wa kushoto unaweza kuuachia ukaukunjua njiani, wa kulia umeshika gripu ya mafuta, yaani mshikio wa kuongezea mwendo, safari nzima.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, jua kwanza nani anaubeba mwili wako. Iweke pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Kaa kama unavyokaa njiani, miguu juu ya vikanyagio, kisha achia usukani bila kubadilisha mkao. Ukibaki umekaa bila shida, uzito wako uko kwenye makalio na miguu, na ganzi inatokana na mtikisiko au na pembe ya mikono. Ukijikuta unakaza tumbo usiangukie tangi, basi mikono ndiyo iliyokuwa nguzo. Kwa urefu wako na usukani wa kiwandani, natarajia hili la pili.

Tazama na siti. Sponji ikishachoka hubonyea katikati na mbele, siti ikainama kuelekea tangi, na kila breki inakutelezesha mbele. Unajisukuma nyuma kwa viganja bila kujua, mara mia kwa siku. Hapo hata usukani ukipanda futi nzima hutopona. Mpelekee fundi wa makochi, mwambie aongeze sponji ngumu sentimita mbili upande wa mbele, siti ikae sawa na ardhi. Ukiwa hapo mwambie asiinue nyuma. Wengi huinua nyuma ili abiria akae vizuri, wakampa dereva mteremko.

Kwenye milima ya njia ya zamani kuna jambo jengine la bure kabisa: bana tangi kwa magoti, teremka na gia ya chini, injini ishike. Anayeteremka kwa gia ya juu huku amebana breki anaubeba mwili wake kwa viganja kutoka kileleni mpaka bondeni.

Siti ikishakuwa sawa, anza na marekebisho yasiyohitaji kununua kitu. Kwanza mikono ya breki na klachi. Legeza kidogo skurubu ya kila kibano, kaa kwenye siti, nyoosha vidole viwili juu ya mkono wa breki. Kuanzia kiwiko mpaka ncha ya vidole inatakiwa iwe mstari mmoja, kifundo kisikunjike juu wala chini. Kwa mtu mrefu mikono hiyo huishia kuinama kuelekea chini kuliko ilivyotoka kiwandani. Kaza tena, lakini usikaze mpaka mwisho: iwe imara kwa matumizi, lakini pikipiki ikianguka iweze kuzunguka badala ya kuvunjika. Vioo vimefungwa kwenye vibano hivyo hivyo, kwa hiyo vitahama; virekebishe kabla hujatoka.

Pili, uzungushe usukani wenyewe ndani ya vibano vyake. Watu wengi hawajui kwamba unazunguka, na wanaojua huuzungusha kupita kiasi. Chora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi, upite juu ya kibano na juu ya usukani, ili ukitaka kurudi ulipotoka upajue. Legeza boliti zote, usizitoe. Sasa angalia hesabu: duara la usukani wa milimita 22 ni kama milimita 70, kwa hiyo mistari yako miwili ikiachana kwa milimita 2 tu, umezungusha nyuzi 10. Kwenye ncha ya gripu nyuzi 10 ni sentimita 3 hivi. Ukizungusha kuja kwako, gripu zinakusogelea lakini zinashuka. Ukizungusha kwenda mbele zinapanda lakini zinakukimbia. Mrefu asumbuliwaye na mabega hujaribu mbele nyuzi 5 kwanza, yaani milimita 1 tu kwenye ule mstari, akatembea nayo siku mbili. Kila ukizungusha, rudi kwenye mikono ya breki na klachi uipange upya, kwa sababu imezunguka pamoja na usukani.

Tatu, mtikisiko. Upepo wa tairi ya mbele uwe kama kibandiko cha pikipiki kinavyosema. Kwa nyingi za aina hii ni psi 25 hivi, na tairi iliyojazwa mpaka ikawa jiwe hupeleka kila changarawe mkononi. Angalia boliti zinazoshika injini kwenye fremu, na mnyororo usiwe umekazwa kama uzi wa zeze. Shika shokapu za mbele kwa chini, gurudumu likiwa juu, vuta mbele na nyuma: ukisikia "tok", beringi za shingo ya usukani zimelegea, na hizo zikazwe kabla ya jambo jengine lolote. Gripu nene zinasaidia. Wanaozungushia mpira wa tyubu hawakosei, mradi upande wa mafuta mpira usiguse kasha la swichi. Uache nafasi ya milimita 2. Gundi usiitumie upande huo kiholela. Tone likipenya kati ya bomba la mafuta na usukani, mafuta hayarudi, na utaligundua hilo kwenye kona.

Baada ya hayo yote, tembea wiki moja. Ganzi ikibaki, ndipo tunapandisha. Tunapandisha kiasi gani? Hapa ndipo sentimita 12 za fundi wako zinapochekesha. Iweke tena pikipiki kwenye stendi kubwa, mwite mtu mmoja mwenye futi ya kupimia. Kaa vizuri, fumba macho, tikisa mabega yalegee, kisha inua mikono mbele kama mtu anayepokea sinia, viwiko vimekunjika kidogo. Funga ngumi hapo hapo. Mwenzako apime kutoka ngumi mpaka gripu: juu sentimita ngapi, nyuma sentimita ngapi. Rudia mara tatu, chukua ya kati. Mtu wa urefu wako kwenye pikipiki kama hii kwa kawaida hupata sentimita 2 mpaka 4 za juu, na 1 mpaka 3 za kurudi nyuma. Ukipata 7 au 8, jikague upya, huenda unakaa umejikunja au siti ndiyo mbovu.

Kwa kipimo hicho, vile vipande ulivyosikia ndivyo vinavyokufaa. Ni vitalu vya alumini vinavyokaa kati ya kichwa cha shokapu na usukani. Chukua vyenye kimo cha milimita 25 au 30, vya usukani wa unene wa milimita 22. Vipo vya milimita 28 kwa ajili ya pikipiki kubwa. Ndani ya vipande hivyo vya 28 usukani wako utacheza, na tutarudi kwenye kopo la soda. Vipande hivi vina fadhila moja: havipandi wima, vinafuata mlalo wa shokapu. Kipande cha milimita 30 kinakupa kama 27 za juu na 13 za kukusogelea, bila kuzungusha kitu.

Usipange kipande juu ya kipande. Viwili vya 30 vilivyopandana kwa boliti ndefu si sawa na kimoja cha 60: vinacheza kwenye maungio, boliti inapindwa, na ikikatika hukatikia ndani ya shimo.

Boliti ndiyo roho ya kazi hii. Ukiongeza kipande cha milimita 30, boliti mpya iwe ndefu kuliko ya zamani kwa milimita 30 zile zile, wala isipungue. Toa ya zamani, ingiza njiti ya chelewa mpaka mwisho wa shimo, weka alama kwa ukucha, pima. Boliti ya milimita 8 inatakiwa ishike uzi wa alumini kwa milimita 12 angalau, na isigote chini ya shimo. Ikigota utadhani umekaza kumbe hujabana kitu. Kichwani iwe na namba 8.8 au zaidi. Boliti isiyo na namba iache dukani.

Chuma ndani ya alumini, karibu na bahari, huoza na kugandana. Pemba hakuna shamba lililo mbali na upepo wa chumvi. Paka grisi kidogo kwenye uzi, futa iliyozidi, na sehemu ya kibano inayougusa usukani iache kavu kabisa. Boliti za chuma cha pua zinapendeza kwa kung'ara, lakini hizo ndizo hodari wa kugandana na alumini zikiwekwa bila grisi.

Kabla ya kukaza, tafuta alama. Vibano vingi vina kidoti kilichopigwa upande mmoja, na kidoti hicho kinatazama mbele. Hapo boliti za mbele ndizo zinazokazwa kwanza mpaka kibano kigusane, kisha za nyuma, nafasi inabaki nyuma. Kama hakuna kidoti, kaza kwa zamu, mbele na nyuma, kushoto na kulia, nafasi ibaki sawa pande zote. Fundi anayemaliza boliti moja mpaka mwisho ndipo aguse ya pili hukipasua kibano, na mpasuko wenyewe ni uzi mwembamba kama unywele, utaudhania mkwaruzo.

Kiasi cha kukaza kwa boliti ya milimita 8 ni Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 mpaka 25. Spana ya kupimia huna, na wengi hawana. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 20 kutoka katikati ya boliti mpaka unapoishika, ilale sawa na ardhi, tundika mwishoni ndoo yenye lita 10 za maji. Inapoacha kushuka umefika Nm 20, na kwa uzi uliopakwa grisi panatosha. Boliti ikiwa ya milimita 6, lita 5. Ukishaliona hilo kwa macho mara moja, mkono wako utakumbuka.

Usukani wa porini anaousema shemeji yako haukosi maana, ila si kwa njia yako. Ni mpana, unapita sentimita 80, na upana unakufungua kifua na kukulaza mbele tena. Vibano vya breki na klachi vitakaa, kwa kuwa nao mara nyingi ni wa 22 kwenye mikono, lakini upau wa katikati unaweza kugonga spidomita, na nyaya zote zitakuwa fupi. Ukikata ncha kwa msumeno ili upungue, usizidi sentimita 2 kila upande, maana ukifika kwenye pindo kasha la swichi halikai. Halafu kasha la swichi la pikipiki yako huenda lina kijino kwa ndani kinachoingia kwenye tundu dogo la usukani. Usukani mgeni hauna tundu hilo. Fundi mvivu hukikata kijino kwa tupa, na swichi inazunguka na mkono wa mafuta. Tundu litobolewe kwa drili, dogo, la ukubwa wa kijino tu. Yote hayo kwa ajili ya sentimita 3! Nakushauri uuache kwanza.

Nyaya zitafika? Kwa milimita 25 mara nyingi zinafika, kwa 30 zinafika kwa kupangwa upya, na kuanzia 40 tegemea kununua ndefu. Kupanga upya ni kazi ya nusu saa. Kata vile vibanio vya plastiki vinavyofunga nyaya kwenye usukani na shokapu, ziachie zitafute njia yake. Waya wa klachi na wa mafuta mara nyingi huzungushwa mbele ya shingo. Ukiupitisha nyuma ya shokapu unaokoa sentimita 2 au 3. Usiukunje kwa kona kali, waya uliokunjika ndani husuguana na klachi inakuwa nzito. Nyaya za umeme za swichi hukutana ndani ya kasha la taa ya mbele. Lifungue, vuta akiba iliyojikunja humo, funga. Usizivute kwa nje. Ganda likichubuka leo, masika honi na taa zitakwambia.

Kisha majaribio, na hapa usiharakishe hata kama maghrib inaingia. Pikipiki juu ya stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele liwe hewani na shokapu zinyooke mpaka mwisho wake. Ni lazima zinyooke: waya wa breki ya ngoma unateremka mpaka gurudumuni, kwa hiyo gurudumu likiwa chini utauona umelegea vizuri, ukiruka tuta unavutika. Washa injini, ingurume taratibu bila kukaza mafuta. Zungusha usukani polepole kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio ukipanda wenyewe upande wowote, waya wa mafuta ni mfupi au umekaa vibaya, na pikipiki hiyo haitoki uwani. Injini ikizima kwenye kona, kuna waya wa swichi uliovutwa.

Kila mwisho wa mzunguko, kaza mafuta na uachie ghafla. Yarudi yenyewe kwa mlio wa "tak". Hapo hapo shika klachi: ncha ya mkono iwe na uhuru wa milimita 10 mpaka 15 kabla haijaanza kukaza, kushoto, katikati na kulia. Uhuru ukipotea upande mmoja, klachi haishiki sawasawa kwenye kona na sahani zake zitaungua taratibu bila wewe kujua, utadhani injini imechoka. Breki ya mbele nayo ivute hivyo hivyo, huku mwenzako akizungusha gurudumu kwa mkono. Mwisho, ukiwa umeshika gripu, zungusha mpaka mwisho pande zote mbili uone kati ya vidole na tangi. Nafasi iwe ya vidole viwili. Dole gumba likibanwa baina ya swichi na tangi wakati unageuza pikipiki mlimani, pikipiki itaanguka na wewe huwezi kuachia.

Umeuliza kuhusu mbele kuwa nyepesi. Ni kweli, ila kwa sentimita 3 ni kidogo: mwili unarudi nyuma, gurudumu la mbele linapunguziwa uzito, na ukiwa peke yako hutoiona tofauti. Gunia la mbolea ndilo la kuliangalia. Likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, linanyanyua mbele kwa wenzo kuliko usukani wowote. Lisogeze mpaka ligusane na mgongo wako, ulilaze liwe chini badala ya kulisimamisha. Ukiona usukani unatikisika mwepesi mkononi unapopanda, hiyo ni dalili. Mzigo ushuke, usukani uachwe. Na usiulipie kwa kutundika mfuko mbele kwenye usukani ili upate uzito. Mfuko unabembea, unavuta nyaya ulizotoka kuzipanga, na siku moja utaingia kwenye spoki.

Jambo la afya. Ganzi ya njiani inayoondoka dakika chache baada ya kushuka ni ya mkao. Ikikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vitu, au ukaona nyama baina ya dole gumba na cha shahada imebonyea, nenda hospitali sasa, usisubiri usukani. Mshipa uliobanwa muda mrefu hauponi kwa spana.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila gunia: toka Wete, panda kilima kimoja, kiteremke, rudi. Ukifika, spana mkononi, pitia boliti zote za vibano ukiwa hujakaa kunywa chai, kisha rudia baada ya kilomita 100. Alumini mpya hujilaza kidogo na boliti hupoteza mkazo. Na kabla hujaiegesha, sogeza kiganja karibu na ngoma ya gurudumu la mbele, usiishike moja kwa moja. Ukiwa hukutumia breki sana na joto linakupiga, waya wa breki bado unavuta. Rudi kwenye nati ya kurekebishia, ilegeze mzunguko mmoja, uzungushe gurudumu tena mpaka lizunguke huru.